Ukuta Ulioachwa Uzeeke: Anguko la Mbio za Pittsburgh Steelers

Yadi 29. Hicho ndicho kiasi chote ambacho Pittsburgh Steelers walikipata kwa kukimbia na mpira walipotolewa kwenye mtoano na Baltimore Ravens, Januari 11, 2025. Kwa saa za Afrika Mashariki mechi ilianza saa kumi alfajiri ya Jumapili, na aliyeamka kuitazama aliona wenyeji wakikimbia yadi 299, Derrick Henry peke yake akiwa na 186, huku wageni wakigonga mwamba kila walipojaribu kupenya katikati. Ubao ulisomeka 28 kwa 14. Kufungwa Baltimore kunasameheka. Lakini klabu iliyojijengea jina kwa kukimbia tangu miaka ya 1970 kuzidiwa yadi 270 katika kazi hiyohiyo ni jambo linalodai maelezo, na maelezo yenyewe hayaanzii usiku ule.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka, mambo machache kwanza. Katika futiboli ya Marekani timu hupewa majaribio manne kuusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, hesabu inaanza upya. Kwotabeki, yaani mpangaji wa mashambulizi, anaweza kuurusha mpira kwa mwenzake aliye mbele au kumkabidhi mkimbiaji aliye jirani yake. Kurusha huleta yadi nyingi kwa mkupuo. Kukimbia huleta chache, ila hula muda, huwachosha wakabaji, na huwalazimisha wasogee karibu, hivyo kuacha nafasi nyuma yao. Timu isiyoweza kukimbia hutabirika, na timu inayotabirika hukabwa.

Mbele ya kwotabeki husimama wanaume watano ambao kwa kawaida hawagusi mpira kwa lengo la kusonga nao. Nitawaita ukuta. Wa katikati ni senta, anayeanzisha kila mchezo kwa kuupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake. Wawili wako ndani, ubavuni kwake, na wawili pembeni. Habari zote za anguko la Steelers zimo ndani ya hao watano, ingawa magazeti na mashabiki kwa miaka mingi wamekuwa wakimjadili mtu wa sita, yule anayebeba mpira.

Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na timu yake ilicheza kwa mtindo uliofanana na kazi ya mji. Franco Harris alichaguliwa mwaka 1972 katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi, na katika fainali ya Super Bowl ya Januari 1975 alikimbia yadi 158 dhidi ya Minnesota Vikings, ambao timu yao nzima iliambulia 17. Mwaka 1976 Steelers walikimbia yadi 2,971 katika msimu wa mechi 14, na wakimbiaji wawili wa timu hiyo moja, Harris na Rocky Bleier, kila mmoja alivuka yadi 1,000. Baadaye akaja Jerome Bettis, aliyenunuliwa kutoka Rams mwaka 1996, mtu mnene mwenye miguu myepesi, aliyeaga uwanja akiwa na kombe la Super Bowl mkononi mwaka 2006.

Majina hayo yanakumbukwa na kila mtu. Yasiyotajwa sana ni ya masenta. Mike Webster aliingia mwaka 1974 akiwa chaguo la raundi ya tano. Akafuatia Dermontti Dawson mwaka 1988. Wote wawili wamo katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo. Dawson alikuwa na jambo ambalo masenta wachache waliliweza: alipitisha mpira nyuma, akageuka, akatoka nje ya ukuta kwa kasi na kumtangulia mkimbiaji pembeni kama kiongozi wa msafara. Ili kufanya hivyo lazima mkono mmoja uwe bado unamaliza kupitisha mpira wakati miguu imeshaanza safari. Mwaka 2010 klabu ilimchukua Maurkice Pouncey katika raundi ya kwanza, na kwa muongo mzima nafasi ile ikawa mikononi mwa mtu mmoja. Klabu iliyokuwa na urithi wa namna hii ilijua vizuri kuliko klabu nyingi kwamba mbio huanzia katikati.

Kilele cha mwisho kilikuwa Le'Veon Bell. Desemba 11, 2016, kwenye theluji ya Buffalo, alikimbia mara 38 akapata yadi 236, rekodi ya klabu kwa mechi moja. Namna alivyokimbia ndiyo muhimu. Wakimbiaji wengi hupokea mpira na kuchapa mbio kuelekea mwanya waliopangiwa. Bell alipokea, akasimama. Alikaa nyuma ya ukuta nusu sekunde, wakati mwingine sekunde nzima, mkono mmoja umetangulizwa mgongoni mwa mwenzake, akisubiri kuona mkabaji yupi atahama. Mwanya ulipofunguka, alikuwa ameshapita. Watu walimsifu kwa subira, na alistahili sifa. Ila subira ile ilikuwa ya kukopeshwa. Mtu hawezi kusubiri nyuma ya ukuta unaoporomoka. Mbele yake walikuwepo Pouncey, David DeCastro, Ramon Foster na Alejandro Villanueva, na aliyewafundisha alikuwa Mike Munchak, ambaye naye alicheza ndani ya ukuta mpaka akaingia Ukumbi wa Heshima.

Mwaka 2018 Bell aligoma. Klabu ilimwekea mezani mshahara wa dola milioni 14.5 kwa msimu mmoja. Yeye alitaka mkataba mrefu wenye uhakika, na hakucheza hata mechi moja. Nafasi yake ilichukuliwa na James Conner, aliyepata yadi 973 na tachidauni 12 (yaani mara 12 alifika na mpira eneo la mwisho la wapinzani), akachaguliwa kwenye kikosi cha nyota. Uongozi ukajifunza kutokana na Conner somo ambalo nadhani ndilo lililoigharimu timu: kwamba mkimbiaji yeyote atafanya kazi. Kwa sehemu ni kweli. Lakini somo hilo lilikuwa na nusu ya pili, kwamba mkimbiaji yeyote atafanya kazi ikiwa ukuta ni uleule. Nusu hiyo haikusomwa. Hata katika msimu huo wa Conner, timu ilikuwa ya 31 kati ya 32 kwa yadi za kukimbia, yadi 90.3 kwa mechi, kwa sababu kwotabeki Ben Roethlisberger alikuwa akirusha mfululizo. Alama ya hatari ilikuwa imeshawaka, ila timu ilikuwa bado inashinda, na ushindi hufunika mengi.

Kisha ukuta ukaanza kuondoka, mtu baada ya mtu. Munchak alihamia Denver Januari 2019. Foster alitundika daluga mwaka 2020. Pouncey alistaafu Februari 2021, Villanueva akasaini Baltimore, kwa mahasimu wenyewe, na DeCastro akaachwa Juni mwaka huohuo. Matt Feiler naye alikwenda Chargers. Katika kipindi cha miezi 15 hivi wanaume watano waliokuwa nguzo walikuwa wametoweka, na kwa miaka yote waliyokuwapo klabu haikuwa imetumia hata chaguo moja la raundi ya kwanza kuandaa mrithi wa yeyote kati yao. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pittsburgh iliziona nyufa, haikuziziba, na ilipofika zamu ya kujenga ilinunua kitu kingine.

Kabla ya hapo ulikuja msimu wa 2020, ambao takwimu zake zinapaswa kufundishwa. Timu ilianza kwa kushinda mechi 11 mfululizo. Wakati huohuo ilikuwa ya mwisho kabisa katika ligi kwa kukimbia: yadi 84.4 kwa mechi, yadi 3.6 kwa kila mbio. Roethlisberger alikuwa amerudi kutoka upasuaji wa kiwiko. Alipenda kusimama hatua kadhaa nyuma ya senta na kurusha upesi mipira mifupi kabla hajaguswa. Mtindo huo ulimlinda, na kwa umri wake naelewa sababu, lakini uliua mbio kwa njia mbili. Mkimbiaji alipokea mpira akiwa amesimama ubavuni mwa kwotabeki, hana kasi, hana mwelekeo. Na wakabaji, wakijua mpira mrefu hautakuja, walijazana karibu na mstari.

Januari 10, 2021 Cleveland Browns walikuja Pittsburgh kwenye mtoano. Katika mchezo wa kwanza kabisa Pouncey, senta wa miaka kumi, alirusha mpira juu ya kichwa cha kwotabeki wake. Ukadondoka ndani ya eneo la mwisho na Browns wakaudaka kwa tachidauni. Robo ya kwanza iliisha 28 kwa 0. Roethlisberger alirusha mara 68 usiku ule, yadi 501, na bado walifungwa 48 kwa 37. Timu ilikimbia mara 16 tu, yadi 52. Mwezi uliofuata Pouncey akastaafu.

Sasa tufike kwenye uamuzi ninaouona kuwa kosa kubwa kuliko yote. Katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa Aprili 2021, Steelers walitumia chaguo la 24 kumchukua mkimbiaji, Najee Harris wa Alabama. Katika raundi ya pili, chaguo la 55, walimchukua Pat Freiermuth, mpokeaji mrefu na mzuri. Creed Humphrey, senta wa Oklahoma, alikuwa bado hajachukuliwa. Kansas City walimchukua kwenye chaguo la 63, na amekuwa miongoni mwa masenta bora kabisa wa kizazi chake. Steelers walingoja hadi raundi ya tatu ndipo wakamchukua Kendrick Green, kijana aliyezoea zaidi kucheza ndani ubavuni, wakamkabidhi kiti cha Webster, Dawson na Pouncey. Alisukumwa nyuma msimu mzima. Msimu wa pili hakucheza hata mechi moja, na mwaka 2023 aliuzwa Houston.

Harris mwenyewe hana la kulaumiwa. Mwaka 2021 alibeba mpira mara 307 na kupata yadi 1,200. Alivuka yadi 1,000 katika kila msimu kati ya minne aliyochezea klabu. Hata hivyo timu ilibaki ya 29 katika ligi mwaka ule, yadi 93.1 kwa mechi. Kijana wa raundi ya kwanza, afya tele, nidhamu tele, na faida yake juu ya msimu wa 2020 ikawa yadi chini ya tisa kwa mechi. Kama kuna mtu bado anaamini kwamba mbio hununuliwa kwa kumnunua mkimbiaji, aangalie hapo.

Mwaka 2022 ukatoa jaribio la upande wa pili. Klabu ilisajili wazoefu wawili wa ukuta, James Daniels na Mason Cole. Si watu wa kuingia Ukumbi wa Heshima. Lakini watano walewale walianza pamoja karibu msimu wote, chini ya kocha mpya wa ukuta, Pat Meyer, na timu ikapanda hadi yadi 121.9 kwa mechi, nafasi ya 16. Mkimbiaji alikuwa yuleyule Harris, na wastani wake kwa kila mbio haukupanda. Kilichobadilika ni kwamba timu iliweza kukimbia tena na tena bila kurudishwa nyuma. Kuna sababu nyingine isemwe pia: mkabaji wao T.J. Watt alirudi kutoka majeruhi Novemba, ulinzi ukaimarika, timu ikaanza kuongoza mechi, na timu inayoongoza hukimbia zaidi. Takwimu za mbio mara nyingi ni matunda ya ushindi kama zilivyo chanzo chake, na mchambuzi asiyetenganisha hayo mawili atajidanganya.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la makocha wa ukuta, maana linapuuzwa. Munchak 2018. Shaun Sarrett 2019 na 2020. Adrian Klemm 2021, aliyeondoka kabla msimu haujaisha. Chris Morgan akaumalizia. Meyer 2022. Watu watano katika misimu mitano. Kazi ya ukuta ni ya makubaliano: ni nani anamwachia nani mkabaji, kwa hatua ya ngapi, kwa ishara gani ya bega. Wawili waliosimama bega kwa bega wanapaswa kumsukuma mtu mmoja kwa pamoja, kisha mmoja wao amwache kwa wakati ule hasa na kwenda kumzuia wa nyuma. Akiwahi, wa kwanza anapenya. Akichelewa, wa nyuma ameshamkamata mkimbiaji. Kila kocha huja na lugha yake ya jambo hili na mguu wake wa kuanzia, na vijana waliofundishwa mambo tofauti kila mwaka hufika sehemu wakasita. Kusita kwa robo sekunde kunatosha.

Hoja yangu ina upinzani mmoja wa haki, na sitaukwepa. Mwaka 2023, nyuma ya ukuta uleule, Harris alipata wastani wa yadi 4.1 kwa mbio, ilhali Jaylen Warren, ambaye hakuna klabu iliyomchagua alipotoka chuoni mwaka 2022, alipata 5.3. Basi mkimbiaji ana maana? Ana maana. Warren ni mwepesi kuona mwanya, na hukata kona bila kupunguza kasi. Lakini pia alipewa mpira mara 149 dhidi ya 255 za Harris, mara nyingi katika hali ambazo wapinzani walitarajia mpira urushwe. Tofauti ya watu hawa wawili ni halisi. Ni ndogo kuliko namba zinavyodai. Novemba mwaka huohuo klabu ilimfukuza mratibu wa mashambulizi, Matt Canada, na katika mechi iliyofuata dhidi ya Cincinnati timu ilivuka yadi 400 kwa jumla kwa mara ya kwanza baada ya mechi 58. Hilo nalo linaonyesha kwamba ukuta haukuwa ugonjwa pekee.

Akaja Arthur Smith mwaka 2024, kocha aliyejenga jina Tennessee kwa kumkimbiza Derrick Henry, yuleyule ambaye baadaye angewaumiza Steelers kule Baltimore Januari 2025. Steelers walikimbia mara 533 msimu ule, wakapata yadi 127.4 kwa mechi, nafasi ya 11. Kwa macho ya haraka ugonjwa umepona. Gawanya, utapata yadi 4.1 kwa mbio, chini ya wastani wa ligi uliokaribia 4.4. Walikimbia sana, hawakukimbia vizuri. Timu inayolazimisha mbio kwa wingi hujaza takwimu Oktoba, kisha Januari inakutana na wakabaji wanaoweza kuifunga, na ndipo yadi 29 zinapotokea. Tuwe waadilifu pia: Troy Fautanu, chaguo lao la raundi ya kwanza, aliumia goti baada ya kucheza mechi moja tu, na Daniels alikatika kano ya kisigino mapema katika msimu. Ukuta uliopangwa haukuwahi kusimama wote kwa pamoja.

Baltimore si kielelezo cha kunakili. Wana Lamar Jackson, kwotabeki anayekimbia mwenyewe, na kila mkabaji anayemwangalia yeye ni mtu mmoja pungufu kwa Henry. Mwaka 2019 walikimbia yadi 3,296, rekodi ya ligi kwa msimu mmoja. Pittsburgh haina mtu wa aina hiyo. Kinachoweza kuigwa ni msimamo: tangu 2018 Ravens wamejua wao ni timu ya namna gani, na kila usajili umepimwa kwa kipimo hicho.

Je, kuna matumaini? Yapo, na kwa mara ya kwanza katika miaka kadhaa yamewekwa mahali sahihi. Broderick Jones alichukuliwa katika raundi ya kwanza mwaka 2023, Fautanu raundi ya kwanza 2024, Zach Frazier raundi ya pili na Mason McCormick raundi ya nne mwaka huohuo. Vijana wanne wa ukuta katika teuzi mbili. Huo ni uamuzi uliopaswa kufanywa mwaka 2017, wakati Pouncey na DeCastro walikuwa bado na nguvu za kufundisha.

Frazier ndiye ninayemtegemea zaidi. Alikuwa bingwa wa mieleka wa shule za sekondari katika jimbo la West Virginia, na inaonekana: hushuka chini kuliko mpinzani wake na kumnyanyua kutoka kwenye nyonga. Katika mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida chuoni, Novemba 2023 dhidi ya Baylor, alivunjika mguu wakati timu yake ikipigania dakika za mwisho bila ruhusa ya kusimamisha saa. Alijikokota mwenyewe nje ya uwanja ili muda usikatwe kwa sababu yake, na West Virginia ikashinda. Katika msimu wake wa kwanza Pittsburgh aliingia moja kwa moja kwenye nafasi ya senta, na wa ndani walipomfuata, mbio za katikati zilikuwa na mwanya ambao haukuwapo enzi za Green.

Machi 2025 klabu ilimwacha Harris aende Chargers, na Aprili ikamchukua mkimbiaji Kaleb Johnson wa Iowa katika raundi ya tatu. Bei hiyo ni sawa kwa mkimbiaji. Asipewe mzigo wa kuwa mkombozi. Waliopewa mzigo huo kabla yake walivunjika mgongo bila kosa lao. Matokeo yataamuliwa na mambo mawili ambayo hayana mvuto wa kuuza jezi: vijana wanne wale wacheze pamoja misimu miwili mfululizo, na kocha wa ukuta asibadilishwe kila mashabiki wanapozomea. Likikosekana moja, Pittsburgh itabaki pale ilipokuwa mwaka 2024, timu ya katikati yenye hesabu nzuri za kukimbia na miguu mizito. Msomaji atakayewatazama asimfuate anayebeba mpira. Amwangalie Frazier, namba 54 katikati: baada ya hatua yake ya pili, je, yuko mbele ya alipoanzia au nyuma? Jibu la mchezo mzima liko hapo.